Ule Weusi Ndani ya Kitunga

Papa,

Ninakuandikia nimekaa jikoni, mlango wazi, ili anayepita anione na asipate la kujiuliza. Siku hizi ukijifungia ndani na kalamu, majirani watasema unawaandikia watu wa upande mwingine. Mlango ukiwa wazi watasema Kavira, binti wa Paluku, anamwandikia mchumba. Heri mchumba, hata kama hayupo.

Naogopa, Papa. Nimeanza na hilo kwa sababu ungenisoma usoni kabla sijafungua mdomo, na wewe hukupenda mtu azungukezunguke. Jana nilimwaga chumvi, nikavunja kikombe, na leo asubuhi Mama ameniambia nikae chini nisiguse kitu chake tena. Ndipo nikashika kalamu.

Tangu tulipokuzika kule kwenye mikaratusi, mambo yamezidi kwenda kombo. Hapa Butembo wanatawala hawa, Beni wanatawala wale, na barabara ya katikati haina mwenyewe. Mwaka jana, ungali hai, walikuwa wametangaza sokoni kwamba kila foni, redio ya kuitana mji kwa mji, ipelekwe kwao, na atakayekutwa nayo nyumbani atahesabiwa kuwa adui. Zikapelekwa. Ya duka la vitenge ilikwenda, ya kituo cha afya ilikwenda, hata ya yule mfanyabiashara wa kahawa aliyekuwa anajigamba kwamba anasikilizwa mpaka ng'ambo ya mpaka. Yetu haikwenda. Hata ulipokuwa umelala kitandani ulisema mtu anayesafiri ana haki ya kujua kinachomngoja njiani, na mimi nikaitikia ndiyo, kwa sababu nani anabishana na mgonjwa?

Mwalimu, jirani yetu wa Vulamba, yule aliyekuwa anakuja kuazima chuma chako cha kulehemu na kukirudisha kimeungua, naye aliificha ya kwake. Wamemchukua, Papa. Ilikuwa wiki ile ile tuliyotoka makaburini. Hawakuja na mashine yoyote ya ajabu. Alikuja askari mmoja anatembea katikati ya barabara, redio ndogo ya mkononi ameiweka sikioni, kama mtu anayesikiliza mpira. Redio ilikuwa inalia krrrr. Akienda kushoto krrrr inapungua, akienda kulia inakua. Iliponguruma mpaka muziki ukapotea kabisa, akageuka, akapiga mlango wa mwalimu teke. Mke wake mpaka leo anapika chakula cha watu wote wa nyumba, halafu sahani moja inabaki mezani.

Mimi nilijua ile krrrr inatoka wapi, kwa sababu ulinifundisha. Foni zenyewe zikisikiliza tu hazina makelele. Kinachopiga kelele ni konvertisa, kile kiboksi kinachopandisha umeme wa betri ya gari ili foni ya zamani kama yetu ikubali kuamka. Kikiwashwa, kinatema uchafu wa umeme hewani, na kila redio iliyo karibu inaumeza. Mwalimu aliweka ya kwake chini ya kitanda, akatandika shuka juu. Shuka haizuii kitu.

Wewe ulikuwa umeliona hilo mapema. Nakumbuka siku uliyorudi na televisheni iliyokufa, ukaigeuza, ukanionyesha mgongo wa kile kioo kikubwa cha ndani jinsi ulivyopakwa weusi. "Unaona hii? Hapana rangi ya urembo, hii." Ulisema ni kaboni, kwamba makelele ya umeme yakifika pale yanashikwa na kuteremshwa ardhini kabla hayajatoka nje. Uliiita kinga hiyo kwa Kifaransa, blindage, na ulilitamka neno hilo ukiinua kidevu kama padri anayetaja Kilatini. Nilikucheka. Ukanirushia kitambaa.

Nilikuuliza kwa nini tusitumie sanduku la bati, maana hata mimi najua bati lingezuia vizuri zaidi. Ulinijibu kwamba askari wakiingia ndani ya nyumba, kitu cha kwanza wanachofungua ni sanduku la bati. Kitunga cha maharage wanakipita. Kwa hiyo ukachukua kitunga kimoja kati ya vile vya Mama, ukakipeleka kwenye kibanda chako cha kazi karibu na soko, na kazi ikaanza. Tulipasua betri za tochi zilizokufa tukatoa zile fimbo nyeusi za katikati. Tulizitwanga. Makaa ya jikoni uliyakataa, ukanionyesha na kile kipimo chako cha sindano: sindano haikusogea hata kidogo. Ukanipeleka kwa mhunzi, tukayachoma makaa yale yale kwenye tanuru lake mpaka yakawaka meupe, yakapoa, ukayapima tena, na sindano ikaruka. Weusi ni ule ule. Mtu akiyaangalia kwa macho hawezi kuyatofautisha. Uliniambia nisije nikaamini macho katika kazi hii.

Tukachanganya ule unga na uji mzito wa muhogo na gundi ya mbao, tukapaka ndani ya kitunga, tukabandika vipande vya gunia la kahawa, tukapaka tena. Kilipokauka ulitia ndani redio ndogo iliyokuwa inasoma habari, antena imekunjwa, ukafunika. Mtangazaji alikatika katikati ya neno. Ulifunua, akaendelea, ukafunika, akanyamaza. Ulicheka kama mtoto, ukacheka mpaka ukakohoa, na kikohozi hicho hatukukijali siku hiyo.

Baadaye kitunga kilirudi jikoni, kikakaa kwenye mstari na wenzake. Konvertisa ndani, waya wa kwenda ardhini umepita chini ya jiwe, mfuniko juu yake, na juu ya mfuniko ungo wa maharage; foni na betri nyuma ya vitunga, chini ya magunia. Mama aliijua foni. Asingekosa kuijua, maana waya wa antena ndio anaoanikia nguo. Lakini ule weusi ulimwambia ni dawa ya panya. Nilikuwepo, nilikusikia. Ulinikonyeza. Uliniambia nje kwamba Mama akijua jinsi askari wanavyoifuata ile sauti hatalala usingizi tena, na mimi nikaona umesema vema.

Sasa nikueleze ya juzi.

Kesho, Jumapili, tunamaliza matanga yako. Unajua nyumba inavyofanywa kabla ya siku hiyo: kila kitu kitoke nje, kuta zipakwe, vitunga vipakwe upya kwa mavi ya ng'ombe na majivu ili fukusi wasiingie, maana jamaa watakuja na macho yao. Kasereka alikuwa aje kutoka Mbau na mkewe na watoto. Ni mwanao wa pekee wa kiume. Bila yeye kina baba wadogo wangesema tumeyamaliza ovyoovyo. Walilala Beni kwenye depo ya magari ya rafiki yako Papa Juma, wapande gari lake saa sita mchana baada ya kusikia kwetu kwamba njia ni nzuri. Papa Juma yeye ana ruhusa ya foni yake, kwa kuwa anawasafirishia wakubwa wa kule. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja: saa sita niseme njooni, au msije.

Asubuhi nilikwenda sokoni kununua mawese. Wanawake waliotoka njia ya Beni na mizigo mgongoni walikuwa wamekaa chini, hawauzi. Mmoja alikuwa na kiatu mguu mmoja tu. Aliniambia, "Dada, kule ku mutelemuko kuko batu na bunduki, bamejificha mu migomba. Gari yote yenye itapita, itabaki pale." Sikumwuliza zaidi. Nilirudi nyumbani mbio, na mawese niliyasahau kwenye meza ya muuzaji.

Jikoni palikuwa panang'aa. Mama alikuwa ameamka na alfajiri, vitunga vyote vimepakwa, vimekauka karibu na moto, vimerudi kwenye mstari vyote vya rangi moja ya majivu. Konvertisa ameipangusa vumbi na kuirudisha mahali pake kwa heshima. Niliinua ungo, nikainua mfuniko. Ndani mlikuwa laini, safi, kama shavu la mtoto aliyetoka kuogeshwa. Hapakuwa na weusi hata wa kidole. Mama alisimama nyuma yangu, ameridhika na kazi yake, akasema, "Papa yako alipakaa hii kitunga uchafu gani! Nimekwangua mpaka mukono inauma. Panya hapana tena, tuko na paka."

Papa, niliingiza mkono nikapapasa kila upande. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, na sikuweza hata kimoja. Nikajiambia labda bado kitafaa. Nikawasha. Papo hapo redio ya jirani upande wa pili wa ua ikaanza krrrr, jirani akaipiga kofi. Na kutoka barabarani, si mbali, krrrr nyingine ikajibu. Hiyo ilikuwa inatembea.

Nilizima. Nilichungulia kwenye ufa wa ubao. Askari alikuwa peke yake, mrefu, kijana, redio sikioni, amesimama mbele ya nyumba yetu na kichwa amekiinamisha. Muziki wake ulikuwa umerudi. Alikwenda hatua chache, akarudi. Halafu akakaa kwenye benchi lako, lile la ukuta wa jikoni ambalo wateja wako walikuwa wanakalia, akanyoosha miguu na kuweka redio magotini. Alikuwa anangoja ile kelele irudi.

Sijui kama umewahi kuogopa hivyo, Papa. Mimi sikuwahi. Kichwani nilimwona mwalimu, halafu Kasereka, halafu mwalimu tena. Nikiwasha, tumekwisha mimi na Mama. Nisipowasha, saa sita itapita, na Kasereka unamjua: asiposikia jibu atasema foni ya dada imekufa, twende, Papa ananingoja. Kumtuma mtu kwa pikipiki haikuwezekana, kwa sababu ni njia ile ile. Na unga wako uliobaki uko kule kibandani, na hata ningekuwa nao, uji wa kupika na kukausha ungechukua siku nzima.

Nilimshika Mama mkono nikamwuliza kwa sauti ya chini alikotupa alichokwangua. Akaniangalia kama nimepata homa. "Mu shimo ya migomba, na takataka. Juu ya nini?" Sikuwa na muda wa kujibu juu ya nini wala kwa nini. Nilimwambia tu kwamba ule weusi haukuwa wa panya, kwamba bila ule weusi askari aliyekaa nje ataisikia foni, na Kasereka yuko Beni anataka kupanda gari. Mama alichungulia kwenye ule ufa. Halafu akafunga kitambaa kichwani, akapakua bugali na sombe ya majani ya muhogo iliyobaki jana, akachota kasiksi, pombe yake ya ndizi, kwenye kibuyu, akatoka nje. Nikamsikia anasema, "Mutoto wangu, utakaa na njaa mbele ya nyumba ya kilio? Kula." Sauti yake haikutikisika. Ya kwangu ingetikisika.

Nilitoka kwa nyuma. Mvua ya usiku ilikuwa imelijaza lile shimo, na magamba ya kazi yetu yalikuwa mle, yamelowa, yamekuwa tope na vipande vya gunia, yamechanganyika na maganda ya ndizi. Nilichota kwa mikono miwili kwenye beseni. Nilirudi jikoni nikapiga magoti nikaanza kupaka juu ya usafi wa Mama, tope kwa viganja, kila mahali, chini, pembeni, chini ya mfuniko, nikibandika yale magunia yaliyochanika kama mtu anayefunga kidonda. Niliyakaza kwa kuyazungushia ule waya wa kwenda ardhini. Kazi mbaya, Papa. Ungenitimua kibandani kwa kazi hiyo. Lakini ulishaniambia kwamba kaboni ikilowa haikatai kazi, na hilo nililishika kama rozari.

Sikuwa na redio ya kujaribia. Redio ilikuwa magotini kwa askari. Ubao ule ni mwembamba, nilikuwa nausikia muziki wake vizuri, rumba, gitaa jembamba linapanda na kushuka. Niliweka sikio kwenye ubao na kidole kwenye swichi ya betri. Kama gitaa lingechafuka, ningezima na tungesema Baba Yetu.

Nikawasha. Gitaa likakwaruza. Nilichota tope nikaziba pale mfuniko unapokutana na kitunga, nikabana kwa mkono mzima, na mkwaruzo ukafifia, ukafifia, gitaa likabaki safi. Machozi yalinitoka hapo hapo. Nilikaa hivyo, mkono mmoja umebana mfuniko, mwingine umeshika kisikilizio cha foni sikioni, na huku nje Mama anamwuliza askari kwao wapi na kama mama yake yuko hai.

Saa sita ilipofika Papa Juma aliita. Aliita Butembo, akaita tena. Halafu akampa Kasereka maikrofoni. Sauti ya mdogo wangu, Papa, karibu hivyo, kana kwamba yuko uani: "Kavira, tuko tayari. Batoto beko ndani ya gari. Njia iko namna gani?"

Na mimi sikuweza kusema. Hilo ulinifundisha mapema kabisa. Kitunga kinaficha kelele ya konvertisa, lakini ukisema askari akiwa karibu, antena ndiyo inayosema, na hakuna weusi duniani utakaoificha. Neno langu moja lingetoka kwenye redio ya yule kijana akiwa na tonge mkononi.

Wakati huo wingu lilikuwa limesimama juu upande wa Ruwenzori, na radi ilikuwa inapasuka. Kila ikipasuka redio ya askari ilisema tok, naye anatukana kidogo kwa Lingala. Ndipo nikakukumbuka wiki zako za mwisho. Kikohozi kilipokuchukulia sauti ulikuwa unashika maikrofoni na kubonyeza kitufe bila kusema neno, hewani ikitoka tok tu kama ya radi, bonyeza, achia, bonyeza, achia, taratibu, halafu unakishikilia muda mrefu ukitafuta pumzi. Na kule Beni Papa Juma alikuwa anawaambia madereva wake, "Paluku iko pale, anatafuta pumuzi. Mungoje, hapana kutoka." Wakangoja hata nusu siku.

Nilikibana kisikilizio kwa bega, nikashika maikrofoni, nikaingoja radi. Ilipopasuka nikabonyeza. Nyingine ikapasuka, nikabonyeza. Nilibonyeza kwa mwendo wako, Papa, na uchovu wako, na mwisho ngurumo moja ndefu ilipobingirika nikashikilia kitufe mpaka ikaisha. Nje askari akasema redio hii imekwisha kuharibika. Niliachia ili nisikie jibu.

Sikulisikia. Benchi lililia, askari alikuwa anasimama. Nilizima, nikaifunika foni kwa magunia, nikaweka ungo wa maharage juu ya kitunga, na alipotokea mlangoni nilikuwa nimepiga magoti mbele ya sufuria. Alinitazama. Akatazama vitunga. Halafu akatazama mikono yangu, myeusi mpaka kwenye viwiko. "Juu ya nini uko mweusi hivyo?" Niliivuta sufuria karibu. Mama akajibu nyuma yake, bila haraka, "Masizi ya sufuria. Kwenu mama yako hasugulaki masufuria?" Kijana hakucheka. Aliweka redio sikioni, akasikiliza jikoni kwetu kwa muda ambao siwezi kukuambia ulikuwa mrefu namna gani, akasema, "Nitarudia hapa," akaondoka.

Mchana huo wote na usiku wake sikujua kama walikuwa wametoka Beni. Kila gari lililopanda kilima nilitoka uani. Mama alishika rozari. Nilijiambia labda Papa Juma alisikia radi tu. Labda alisikia akadhani ni radi. Nilimwona Kasereka kwenye ule mteremko nikiwa macho, Papa, na watoto nyuma.

Jana saa sita niliwasha tena, lile tope likiwa limeanza kupasuka, na Mama akiwa amesimama barabarani kuangalia kama redio yoyote inatembea. Papa Juma alikuwa anaita bila kujua kama kuna mtu. Nakuandikia maneno yake kama nilivyoyasikia, kwa sababu ni yako kuliko yangu: "Butembo, kama muko munasikia, bageni beko huku, bazima. Jana nilisikia mukono ya Paluku. Mimi ni mutu muzima, nilitetemeka, nikaomba dua. Halafu nikachukua funguo ya gari nikatia mu mufuko. Kasereka alinitukana sana. Kuko gari ingine ilitoka saa ile ile. Ile haijafika popote."

Nilizima. Nilitoka nikamwambia Mama kwamba wako hai, akakaa chini barabarani, pale pale kwenye matope, na kitenge chake cha kilio.

Baadaye nilimwambia mengine yote. Jinsi askari wanavyoifuata ile sauti, mwalimu alivyochukuliwa, kaboni, makaa ya mhunzi, ule weusi ulivyokuwa unatulinda tangu mwaka jana akiwa anapika pembeni yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilikuwa karibu kuua mutoto wangu na mavi ya ng'ombe." Akarudia tena, polepole, akilia. Hapo ndipo nilipokukasirikia, Papa, nami nakuambia wazi kwa sababu huwezi kunirushia kitambaa. Ulitaka alale usingizi. Lakini vitunga ni vya Mama, jiko ni la Mama, mkono unaokwangua na kupaka ndani ya nyumba hii ni wa Mama. Ulificha kitu ndani ya mikono yake halafu hukumwambia yeye. Nami nilikuitikia. Hakufanya kosa lolote. Alifanya vile kila mwanamke wa hapa anavyofanya matanga yakikaribia.

Alipomaliza kulia aliniagiza niende kibandani kuleta unga uliobaki. Alipika uji wa muhogo mwenyewe, akaupa uzito anaoujua yeye. Alinikataza nisiguse. Alipaka kile kitunga kama anavyopaka vyote, kwa upande wa kiganja, tabaka nyembamba, anangoja, anapaka tena, analainisha kwa jiwe lake la mtoni. Wewe na mimi tulipaka kama watu wanaoziba tundu la paa. Leo asubuhi kilikuwa kimekauka, na hakina ufa hata mmoja. Tulitia redio ya jirani ndani, tukafunika. Si kunyamaza tu, Papa. Hata ule mvumo mdogo uliokuwa unabaki kwenye chako haukuwepo.

Askari alipita saa chache zilizopita na redio sikioni. Konvertisa ilikuwa imewashwa, kwa makusudi, Mama ndiye aliyetaka. Tulisimama wote wawili mlangoni tukipeta maharage. Alitusalimia. Muziki wake ulipita safi mpaka kwenye kona. Mama alisema "wasingya" kwa sauti ya chini, na sikumwuliza alikuwa anamshukuru nani.

Kwa hiyo kesho tunamaliza matanga yako bila Kasereka. Kina baba wadogo watasema watakayosema, na Mama ameshasema atawajibu. Papa Juma naye ametuma salamu kwamba atakusomea dua kwa namna yao kule Beni.

Pumzika, Papa. Siwezi kukuahidi kwamba sitaogopa, maana ningekuwa nakudanganya, na uongo ndani ya nyumba hii umetutosha. Naahidi haya: nitaendelea kusikiliza kila saa sita, kwa ajili ya yeyote aliye njiani, mpaka barabara ipate mwenyewe. Siku itakapofunguka nitamleta Kasereka na watoto mpaka kwenye mikaratusi, na nitasimama pembeni akutukane vizuri kwa kumzuia asije kukuzika mara ya pili.

Saa sita inakaribia, lazima niache kalamu. Mama ameshakaa kwenye kigoda mbele ya foni, kisikilizio sikioni, mkono mmoja juu ya kitunga chake. Ananiuliza ulikuwa unabonyezaje, nimwonyeshe mwendo wako, ili siku nikichukuliwa mimi awepo wa kuwazuia wengine wasitoke.

Binti yako,
Kavira